Saratani ya mapafu: Dawa mpya zavunja ukimya wa miaka 30

Na Mwandishi Wetu

KATIKA historia ya tiba za saratani, ni magonjwa machache yaliyowachezea shere madaktari kama saratani ya mapafu ya seli ndogo. Mgonjwa huletwa hospitalini akiwa hoi, akaanzishiwa dawa, na ndani ya wiki chache uvimbe ukasinyaa kiasi cha kumstaajabisha hata daktari aliyemtibu. Familia hushukuru Mungu. Kabla mwaka haujatimia, ugonjwa hurejea ukiwa sugu, na safari hii dawa zile zile hazifui dafu.

Kwa zaidi ya miaka 30 hali ilikuwa hiyo. Dawa alizopewa mgonjwa katika miaka ya 1980 ndizo alizopewa mgonjwa wa mwaka 2017, wakati saratani nyingine, zikiwamo aina nyingine za saratani ya mapafu, zikipata tiba mpya karibu kila mwaka.

Ukimya huo ulivunjika mwaka 2018. Tangu wakati huo makundi kadhaa ya dawa mpya yameidhinishwa nchini Marekani na Ulaya, na kila idhini imeambatana na vichwa vya habari vinavyoashiria kwamba tiba imepatikana. Makala haya yanachambua ni nini hasa kilichopatikana, kimepatikana kwa mgonjwa wa aina gani, na kwa nini msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anapaswa kuvisoma vichwa hivyo kwa makini.

Ugonjwa wenye haraka

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani kuliko saratani nyingine yoyote. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonyesha kuwa mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 waligundulika kuwa nayo na wengine wapatao milioni 1.8 walifariki dunia kutokana nayo.

Kati ya saratani hizo, asilimia 13 hadi 15 ni za seli ndogo. Jina hilo linatokana na mwonekano wa seli zake chini ya hadubini: ni ndogo, na karibu nafasi yote ndani yake imejaa kiini. Madaktari wa zamani walizifananisha na punje za shayiri.

Chanzo chake kikubwa kinafahamika. Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa ni watu wanaovuta au waliowahi kuvuta sigara, na hakuna aina nyingine ya saratani ya mapafu iliyofungamana na tumbaku kwa kiwango hicho. Itakumbukwa kuwa uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulithibitishwa nchini Uingereza tangu mwaka 1950 na watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill, yaani zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Kinachoitofautisha saratani hii na nyingine ni kasi. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki chache tu. Theluthi mbili ya wagonjwa hugundulika wakati ugonjwa umekwisha kutoka kifuani na kufika kwenye ini, mifupa au ubongo. Bila matibabu, mgonjwa wa kundi hilo huishi miezi miwili hadi minne.

Dalili zake nazo hupotosha. Pamoja na kikohozi na kukosa pumzi, wapo wagonjwa wanaovimba uso na shingo kwa sababu uvimbe umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wengine huchanganyikiwa kwa sababu seli za saratani hutoa homoni inayoshusha chumvi mwilini, na ndugu wakadhani mzee wao amepatwa na maradhi ya akili.

Wataalamu huugawa ugonjwa huu katika hatua mbili, na msomaji azishike vyema, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinategemea mgawanyo huo. Hatua finyu ni pale ugonjwa unapokuwa ungali upande mmoja wa kifua, katika eneo linaloweza kulengwa lote kwa mionzi. Hatua pana ni pale unapokuwa umevuka mipaka hiyo.

Kwa nini dawa mpya zilichelewa? Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 2015, pale watafiti waliposoma vinasaba vya uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 100 na kukuta kuwa karibu wote wamepoteza vinasaba viwili, TP53 na RB1. Hivyo viwili ni breki za seli. Katika saratani nyingine za mapafu, tatizo huwa ni mafuta yaliyokwama kwenye mwendo wa kasi, na dawa inaweza kuyaziba. Gari lisilo na breki ni jambo jingine, maana hakuna cha kuziba.

Kulikuwa pia na sababu ya kawaida kabisa: fedha na hamasa vilielekezwa kwingine. Ilifika mahali Bunge la Marekani likapitisha sheria, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama Januari 2013, inayoitaka taasisi ya taifa ya saratani ya nchi hiyo kuandaa mpango maalumu wa utafiti kwa saratani zilizoshindikana. Ya seli ndogo ilikuwa mojawapo ya mbili zilizochaguliwa, ikiambatana na ya kongosho.

Dawa za zamani zisizostaafu

Kabla ya kuzungumzia mapya, ni haki kuzitaja sisplatini na etoposidi, dawa mbili za kemotherapia zinazobeba mzigo wa ugonjwa huu hadi leo.

Sisplatini ina madini ya platini. Uwezo wake uligunduliwa kwa bahati katika miaka ya 1960 na Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alipokuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria na kubaini kwamba kilichowazuia wasigawanyike hakikuwa umeme, bali platini iliyotoka kwenye nondo za umeme huo. Iliidhinishwa mwaka 1978. Etoposidi, kwa upande wake, asili yake ni mmea wa porini. Mahali ambapo figo za mgonjwa hazimudu sisplatini, hutumika karboplatini.

Dawa hizo zikitolewa pamoja, uvimbe husinyaa kwa asilimia 60 hadi 80 ya wagonjwa wa hatua pana, kiwango ambacho saratani nyingi ngumu hazikifikii. Shida ni kwamba zile seli chache zinazosalia ndizo zilizojifunza kuikwepa dawa.

Kwa hatua finyu, mambo ni tofauti. Hapo mionzi huongezwa juu ya dawa, na lengo huwa kuponya kabisa. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani ulioongozwa na Andrew Turrisi kwa wagonjwa 417. Waliopigwa mionzi mara mbili kwa siku kwa wiki tatu walikuwa na nafasi ya asilimia 26 ya kuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 16 kwa waliopigwa mara moja kwa siku kwa wiki tano. Jumla ya mionzi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ratiba pekee.

Mwaka 2021 watafiti wa nchi za Skandinavia walionyesha kuwa kuongeza kiwango cha mionzi katika ratiba hiyo ya mara mbili kwa siku kulifikisha asilimia 74 ya wagonjwa miaka miwili wakiwa hai, dhidi ya asilimia 48 ya kundi lililopewa kiwango cha zamani. Habari hiyo haikupata vichwa vikubwa. Mionzi haina kampuni ya kuinadi.

Suala la ubongo limekuwa na mvutano. Kwa kuwa ugonjwa hupenda kukimbilia huko, mwaka 1999 uchambuzi wa tafiti kadhaa ulionyesha kwamba kupiga mionzi kichwani kabla ugonjwa haujafika kunaongeza walio hai baada ya miaka mitatu kutoka asilimia 15.3 hadi 20.7. Lakini utafiti wa Japani wa mwaka 2017, kwa wagonjwa wa hatua pana waliofuatiliwa kwa karibu kwa kipimo cha MRI, haukuona faida hiyo. Kwa maneno mengine, penye MRI ya mara kwa mara mgonjwa anaweza kusubiri. Pasipo nayo, uamuzi ni mgumu, kwani mionzi ya kichwa huweza kudhoofisha kumbukumbu.

Miezi miwili na kinachofichwa nyuma yake

Septemba 2018, katika mkutano wa dunia wa saratani ya mapafu uliofanyika Toronto, Kanada, yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao IMpower133. Wagonjwa 403 wa hatua pana walipewa karboplatini na etoposidi. Nusu yao wakaongezewa atezolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili.

Dawa za kundi hilo haziiui saratani zenyewe. Seli ya saratani huwa na namna ya kuwapigia saluti askari wa mwili, wakaiona ni mwenzao na kuipita. Atezolizumabu huufunika mkono unaopiga saluti hiyo.

Matokeo yalikuwa miezi 12.3 dhidi ya 10.3. Mwaka uliofuata utafiti wa CASPIAN, uliotumia dawa ya durvalumabu, ulitoa miezi 13.0 dhidi ya 10.3. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha ya kwanza Machi 2019 na ya pili Machi 2020.

Miezi miwili! Wapo waliobeza, na mwandishi wa makala haya anaielewa hoja yao: matibabu ya maelfu ya dola kwa muda usiozidi msimu mmoja wa mvua. Hata hivyo, takwimu hiyo yahitaji kusomwa vizuri. Kipimo kinachotumiwa huwapanga wagonjwa wote kwa urefu wa maisha yao na kumchukua yule aliyesimama katikati ya mstari. Hakisemi lolote kuhusu walio mwishoni mwa mstari.

Huko mwishoni ndiko kuliko na habari. Katika CASPIAN, baada ya miaka mitatu, asilimia 17.6 ya waliopewa durvalumabu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 5.8 ya waliopewa kemotherapia pekee. Hivyo wagonjwa wengi hawapati kitu, au hupata kidogo sana, na wachache hupata miaka. Hadi sasa hakuna kipimo cha kuaminika kinachoweza kumwambia daktari mapema ni nani atakuwa kati ya wachache hao.

Si kila dawa ya kundi hili ilifaulu. FDA iliziruhusu kwa utaratibu wa haraka nivolumabu mwaka 2018 na pembrolizumabu mwaka 2019 kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umerejea, kwa sharti kwamba tafiti kubwa zithibitishe. Tafiti hazikuthibitisha kuwa zinarefusha maisha katika ugonjwa huu, na watengenezaji wakaziondoa katika matumizi hayo, ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2020 na ya pili mwanzoni mwa 2021. Zinaendelea kutumika kwa saratani nyingine. Waliouza nyumba ili kuzinunua kwa ugonjwa huu katika kipindi hicho cha kati, popote walipokuwa, hawakuwa na wa kumrudia.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Juni 2024, Chicago, katika mkutano wa mwaka wa madaktari wa saratani wa Marekani. Utafiti wa ADRIATIC uliwachukua wagonjwa wa hatua finyu waliomaliza kemotherapia na mionzi bila ugonjwa kusonga mbele, ukawapa durvalumabu kila baada ya wiki nne kwa muda usiozidi miaka miwili.

Waliopewa dawa walifikia miezi 55.9, na waliopewa maji yasiyo na dawa walifikia 33.4. Tofauti ni zaidi ya miezi 22. FDA iliidhinisha matumizi hayo Desemba 2024.

Msomaji alinganishe: dawa ileile moja, katika hatua pana, iliongeza chini ya miezi mitatu katikati ya mstari, katika hatua finyu imeongeza karibu miaka miwili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko zote zilizotolewa kuhusu ugonjwa huu katika kizazi hiki, na haihusu dawa peke yake. Ili mgonjwa aingie katika hesabu ya ADRIATIC alihitaji kwanza kugunduliwa mapema, kisha kupata mashine ya mionzi.

Kufuli moja, funguo mbili

Ugonjwa unaporejea, kwa miaka mingi dawa iliyokuwapo ni topotekani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Faida yake ni ndogo na usumbufu wake ni mkubwa, hasa kushuka kwa damu.

Matumaini mapya yalijengwa juu ya protini iitwayo DLL3. Protini hiyo hujitokeza juu ya seli za saratani hii kwa wagonjwa wengi, lakini katika seli nzima za mtu mzima haionekani juu ya ngozi ya seli. Ni kama nyumba ya mwizi yenye alama mlangoni ambayo nyumba za majirani hazina.

Kampuni ya kwanza kuikimbilia alama hiyo ilikuwa Stemcentrx ya Marekani. Dawa yake ilikuwa kingamwili iliyobebeshwa sumu: ifike mlangoni, iingie, iitue sumu ndani. Matokeo ya awali yalivutia kiasi kwamba mwaka 2016 kampuni kubwa ya AbbVie iliinunua Stemcentrx kwa dola bilioni 5.8, mbali na malipo ya baadaye yaliyotegemea mafanikio.

Mafanikio hayakuja. Tafiti kubwa zilionyesha kuwa dawa hiyo haiwashindi wenzake na madhara yake ni mazito, na Agosti 2019 AbbVie ikaufunga mpango mzima. Wengi waliamini kwamba DLL3 imekufa pamoja nayo.

Kampuni ya Amgen haikuamini hivyo. Dawa yake, tarlatamabu, haibebi sumu yoyote. Ina mikono miwili: mmoja hushika DLL3 juu ya seli ya saratani, na mwingine hushika askari wa mwili aina ya seli T. Askari huvutwa hadi mlangoni kwa nguvu, asipate nafasi ya kudanganywa kwa saluti.

Mwaka 2023 ilichapishwa taarifa kwamba uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 40 ya wagonjwa ambao dawa nyingine mbili au zaidi zilikwisha kushindwa. FDA ikatoa idhini ya masharti Mei 2024. Swali lilikuwa kama itapita mtihani ulioziangusha nyingine, yaani kulinganishwa ana kwa ana na kemotherapia. Jibu lilitolewa Juni 2025: katika utafiti wa DeLLphi-304 uliohusisha wagonjwa 509, tarlatamabu ilifikia miezi 13.6 na kemotherapia miezi 8.3.

Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umemrudia, miezi mitano si jambo dogo. Ila dawa hii ina masharti yake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupatwa na mchafuko wa kinga: homa kali, presha kushuka, wakati mwingine oksijeni kupungua. Mara nyingi hali hiyo hutulizwa kwa dawa, na hutokea zaidi katika dozi mbili za mwanzo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyepewa dozi hizo za mwanzo alitakiwa kubaki chini ya uangalizi kwa karibu siku nzima, penye vifaa na wauguzi wanaoijua hali hiyo. Hospitali isiyo na hakika ya oksijeni usiku haiwezi kuigusa.

Kutoka mizizi ya mikoko

Watu wa pwani watavutiwa na dawa nyingine, lurbinektedini. Asili yake ni utafiti wa kiumbe laini cha baharini kinachojishikiza kwenye mizizi ya mikoko huko Karibiani. Kampuni ya Hispania, PharmaMar, ilitengeneza maabara kemikali inayofanana na ya kiumbe hicho, ambayo huziharibu seli za saratani zinaponakili vinasaba vyake.

FDA iliiruhusu kwa masharti Juni 2020, baada ya uvimbe kusinyaa kwa asilimia 35 ya wagonjwa 105. Miezi michache baadaye ilishindwa katika utafiti mkubwa, ingawa humo ilikuwa imepunguzwa kipimo na kuchanganywa na dawa nyingine. Ilinusurika kwa njia tofauti: mwaka 2025 utafiti wa IMforte ulionyesha kuwa ikiongezwa kwenye atezolizumabu mara tu baada ya kemotherapia ya mwanzo, kabla ugonjwa haujarudi, mgonjwa hufikia miezi 13.2 dhidi ya 10.6. Idhini ilitolewa Oktoba mwaka huo.

Aidha, wazo la kingamwili iliyobebeshwa sumu, lililoitia AbbVie hasara, limerejea kwa kulenga protini nyingine iitwayo B7-H3. Septemba 2025, katika mkutano wa Barcelona, ilielezwa kwamba dawa ya kundi hilo, ifinatamabu deruksitekani, ilisinyaza uvimbe wa karibu nusu ya wagonjwa 137 waliokwisha kutibiwa. Historia ya Stemcentrx yatosha kumfanya mtu asubiri matokeo ya kulinganisha kabla ya kushangilia.

Kinyama, mashine na nauli

Sasa turudi nyumbani. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu, kwa sababu kikohozi kisichokoma, kupungua uzito, makohozi yenye damu na kivuli kwenye picha ya kifua ni dalili za magonjwa yote mawili.

Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Saratani ya seli ndogo isiyotibiwa, katika hatua pana, huua ndani ya miezi miwili hadi minne. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kuangalia picha tu, bila vimelea kuonekana, na akaambiwa avumilie amalize dozi, huenda asiimalize. Aliyeingia akiwa hatua finyu anaweza kuwa hatua pana kabla ya miadi yake ya pili.

Kipimo cha GeneXpert, ambacho sasa kimesambaa katika hospitali nyingi za eneo letu, kimepunguza kubahatisha. Jibu lake likiwa hasi, na mgonjwa ni mvutaji wa sigara wa miaka 40 na kuendelea, hakuna sababu ya kungoja. Anahitaji picha ya CT na kuchukuliwa kinyama kikasomwe na mtaalamu. Ugumu upo hapo: wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache, wamejazana mijini, na majibu huchukua muda ambao ugonjwa huu hautoi.

Baada ya majibu, dawa za msingi zipo. Sisplatini, karboplatini na etoposidi zote zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, na ni dawa za zamani zisizo na hakimiliki. Dawa mpya ni habari nyingine. Septemba 2025 WHO iliongeza katika orodha hiyo pembrolizumabu kwa saratani ya mlango wa kizazi, ya utumbo mpana na ya mapafu ya seli zisizo ndogo zilizosambaa, huku atezolizumabu ikitajwa kama mbadala kwa hiyo ya mapafu. Ya seli ndogo haikuwamo.

Mwandishi huyu haoni kwamba WHO ilikosea. Fedha za serikali zikiwa chache, kuzitumia kununua miezi miwili katika hatua pana kabla ya kuhakikisha mionzi katika hatua finyu ni kujenga ghorofa kabla ya msingi.

Waganda wanalijua hilo. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo, iliyokuwa katika Hospitali ya Mulago, iliharibika isirudi tena, na haikupata mbadala hadi karibu miaka miwili baadaye. Wapo wagonjwa waliosafirishwa hadi Nairobi kwa matibabu. Nchini Tanzania, tiba ya mionzi kwa miaka mingi ilitegemea Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo sasa ina mashine za kisasa, na baadaye Hospitali ya Bugando ya Mwanza ikaanza kuitoa kwa Kanda ya Ziwa.

Upo pia upande wa sigara yenyewe. Tanzania ilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na kuridhia mkataba wa WHO mwaka 2007. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2007. Wakati huo huo tumbaku ni zao linaloingizia Tanzania fedha za kigeni na kulisha familia nyingi za Tabora, na hakuna serikali iliyojibu kwa uwazi jinsi mambo hayo mawili yatakavyokaa pamoja. Kwa mgonjwa, jambo liko wazi zaidi: anayeacha kuvuta hata baada ya kugundulika huimarisha nafasi yake, na hiyo haina gharama.

Tuchukue basi mkulima wa Urambo aliyegundulika akiwa hatua finyu. Ratiba ile ya Turrisi inamtaka apigwe mionzi mara 30 katika wiki tatu, asubuhi na jioni, kukiwa na angalau saa sita kati ya mara ya kwanza na ya pili. Hawezi kwenda na kurudi nyumbani. Atahitaji pa kulala Dar es Salaam au Mwanza kwa siku zote hizo, mtu wa kumsindikiza, chakula, na nauli ya kila siku, huku kemotherapia ikiendelea. Katika tafiti zote zilizotajwa hapa, gharama hizo hazikuwa sehemu ya hesabu. Hapa kwetu, mara nyingi ndizo zinazoamua kama atamaliza mara 30 au ataishia ya kumi.